Naombeni ushauri: mdogo wangu amefariki ghafla leo, mama yuko kijijini na ana presha, namwambiaje?

DadaMkubwa (mleta uzi), saa 1:20 usiku

Wakuu habari za jioni, mnisamehe nikiandika hovyo, mikono inatetemeka. Mdogo wangu wa mwisho, miaka 29, leo saa tisa mchana kagongwa na lori Kilwa Road akiwa kwenye bodaboda yake, hakufika hata hospitali. Mimi nilijua kwa kupigiwa na namba yake mwenyewe. Naona jina lake kwenye kioo, napokea na utani wetu wa siku zote, "we mwizi wangu unataka hela tena", kumbe anaeongea ni askari, ananiuliza mwenye simu hii ni nani yako. Nimetoka mochwari saa hizi lakini kinachonirudia kichwani sio nilichokiona kule, ni hayo maneno yangu.

Sasa mama yuko Upareni, milimani huko Same, ana miaka 67, presha ya muda mrefu na mwaka juzi alianguka akalazwa wiki nzima. Anaishi na mjukuu wake wa miaka 6, ambae ndo mtoto wa marehemu. Baba alishatangulia. Mjomba anasema nimpigie nimwambie kijana kapata ajali yuko mahututi ili ajiandae kidogokidogo. Shangazi anasema asiambiwe lolote mpaka gari la maiti lifike mlangoni. Mume wangu anasema piga simu sasa hivi useme ukweli yaishe. Nimechanganyikiwa jamani, waliopitia haya naombeni mnisaidie, matusi sitaki leo.

Kigoda_cha_Babu, saa 1:31

Pole sana dada. Mwambie mgonjwa sana. Ndo utaratibu wetu miaka yote, mtu mzima haambiwi kifo kama anavyoambiwa bei ya nyanya.

KofiaNyeupe, saa 1:36

Pole sister. Nimekaa barabarani miaka 14 nikipima ajali kwahiyo nakuuliza swali moja kabla hujasoma mengine yote, simu ya marehemu iko wapi na je imewashwa?

DadaMkubwa, saa 1:40

Iko kituoni. Nadhani inaita tu. Halafu Mungu wangu, huyu kila siku saa 2 usiku anampigia mama kumkumbusha dawa ya presha, asipopiga mama anapiga mwenyewe!!

KofiaNyeupe, saa 1:41

Acha kusoma hapa, mpigie yule askari aliekupigia, aizime. SASA HIVI.

DadaMkubwa, saa 1:53

Imezimwa. Ahsante kaka.

KofiaNyeupe, saa 1:59

Sawa. Wengine mjifunze hapo. Tukikuta simu ya marehemu ina pasiwedi tunachofanya ni kusubiri iite, na anaepiga wa kwanza mara nyingi ni mama au mke, basi mama wa watu anapokea taarifa kutoka kwa mtu asiyemjua huku kelele za magari zinasikika. Isipokuwa na pasiwedi ndo mbaya zaidi, raia wema waliofika kabla yetu wanatafuta jina "Mama" wanapiga. Mimi namba ya kaka yangu nimeiandika kwenye karatasi, nimeikunja nyuma ya kitambulisho cha NIDA. Kaka ana roho ngumu na ana gari.

Chuma_Chakavu, saa 2:03

Lori la kampuni gani hilo? Tupia picha

Kigoda_cha_Babu, saa 2:04

We kijana toa ujinga wako hapa.

MstaafuWaPosta, saa 2:15

Binti yangu, pole. Nimefanya kazi posta tangu 1979, telegramu za misiba zimepita mikononi mwangu sijui ngapi. Zilikuwa zinalipiwa kwa neno, basi watu wanabana, NJOO HARAKA BABA MGONJWA SANA. Sasa sikiliza, hakuna aliedanganyika na ile telegramu. Mtu akishaisoma anakaa chini palepale kwenye ngazi za posta, anajua. "Mgonjwa sana" ilikuwa ndio jina la kifo kwenye karatasi. Ndio maana nasema Kigoda na mjomba wako hawakosei kuikumbuka mila ila wanasahau kwamba ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa hamna simu mkononi. Leo ukimwambia mama yako yuko mahututi atasema mpe simu nimsikie hata pumzi. Utamjibu nini? Atapiga magoti aombe usiku kucha mtoto apone, na wewe unajua yuko kwenye friji. Kesho hatakuuliza kuhusu kifo, atakuuliza kwanini ulimwacha aombe.

Na la shangazi msilifuate kabisa. Mei 1996 MV Bukoba ilipozama nilikuwa Mwanza, maiti zikapangwa uwanja wa Nyamagana watu wanapita wanatambua wao kwa wao. Kuna waliokuja wakijua wanafuata majeruhi kwasababu ndugu walioona aibu kusema walisema "ameokolewa, yuko Mwanza". Sitaki kueleza zaidi.

BintiWete_Muscat, saa 2:22

Innalillahi wainna ilayhi rajiun, pole dada angu. Mie nafanya kazi Oman, baba alipofariki niliambiwa anaumwa tumbo, siku ya nne ndo naambiwa, keshazikwa. Mazishi yetu hayangoji najua, nisingewahi kwa hali yoyote ile, lakini zile siku nne nilikuwa nawatumia salamu "mwambieni baba anywe uji" na wao wananijibu sawa. Ile sawa yao ndo siwezi kuisahau. Tena nilikujajua sababu jirani kaweka picha yake kwenye status. Kwahiyo dada wambie ndugu WOTE marufuku kuweka chochote mtandaoni mpaka mama ajue.

DadaMkubwa, saa 2:30

Binamu yangu ameshaweka tangu saa kumi na moja, picha na mishumaa. Nimemfokea kafuta ila wameshaona watu 63.

NesiWaZamu, saa 2:41

Pole mamii. Nilikuwa namalizia zamu ndo naona uzi. Sisi chuoni hili tulifundishwa kwa hatua 6, ukifika wodini unagundua zenye uzito ni mbili tatu hivi. Kwa hali yako ningefanya hivi, usimwambie kwa simu usiku huu akiwa peke yake na mtoto mdogo, huko mlimani akidondoka nani atamshusha? Mtafute mama mdogo au jirani anaempenda, mwambie huyo ukweli wote, aende akalale pale leo kwa sababu yoyote ile. We panda basi la usiku. Alfajiri ingieni na mtu wa imani yake na pawe na usafiri karibu.

Mkifika msisimame mlangoni kama askari. Kaeni, akae na yeye, kwenye kitu chenye mgongo, sio kigoda. Tanguliza sentensi moja ya kumwandaa, "mama nimekuja na habari mbaya sana", vuta pumzi, halafu SEMA. Taja jina lake na neno amefariki. Sio "hatunae", sio "ametutoka kidogo", nimeshaona mzee kaambiwa "tumempoteza kijana" akajibu basi kamtafuteni. Ukishasema nyamaza. Hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanajaza maneno, mara lori mara barabara mara kazi ya Mungu. Muache. Akiuliza aliumia sana jibu unachokijua tu.

Kuhusu presha, habari nzito inaweza kweli kumgusa moyo, kuna hali moyo unalegea ghafla kwa mshtuko, inawapata zaidi wanawake watu wazima, Wajapani ndo waliieleza kwanza wakaiita takotsubo, chungu cha kutegea pweza, maana moyo unakaa umbo lile. Wengi wanapona wakiwahishwa. Kwahiyo akilalamika kifua au kukosa pumzi msiseme ni uchungu tu, mpelekeni hospitali. Na msimpe vidonge vya usingizi vya kuazima kwa jirani, tafadhali sana.

Kigoda_cha_Babu, saa 2:50

Nesi nimekuelewa. Mzee wa posta pia. Mi nilisema nilivyoona kwetu, baba yangu tulimwambia hivyohivyo kwamba kaka mgonjwa, na alipofika akaona turubai na viti vya plastiki kabla hajashuka kwenye gari. Hakutuongelesha mpaka arobaini.

Mswahili_Kilifi, saa 3:05

Pole dadangu, hapa Kenya. Mmesahau mtoto. Mimi babangu alifariki nikiwa na miaka saba, nikaambiwa amesafiri. Nilikaa nikingoja kila basi la Mombasa hadi nikaingia darasa la tatu, na nilimkasirikia mwanzo kwa kutokuja, sio kwa kufa. Wengine huambia watoto "amelala", mtoto anaanza kuogopa kulala. Mwambie amekufa, umweleze kufa ni nini.

DadaMkubwa, saa 3:20

Nimesoma zote nikiwa kwenye bajaji naenda stendi. Mama mdogo ameshapanda kwa mama, kasema amegombana na mumewe anaomba pa kulala, na mama kamwamini sababu ni kawaida yao hahaha. Mnisamehe nimecheka.

DadaMkubwa, MREJESHO, kesho yake saa 8 mchana

Wakuu tulifika saa 12 na nusu asubuhi, mimi, binamu wa Same mjini na mzee wa kanisa, mama ni Msabato. Tumemkuta anafagia uwanja. Alipotuona hakuacha kufagia, akamalizia mpaka kwenye mgomba, akaegemeza ufagio, akaingia ndani akakaa mwenyewe kwenye kochi. Nikasema kama nesi alivyonielekeza, nikataja jina, nikasema amefariki jana. Akasema najua. Nikamuuliza nani kakwambia, nikajua ni ile status. Akasema hakuna, nilimpigia saa mbili nikaambiwa hapatikani, yule hazimagi simu.

KofiaNyeupe sikulaumu, ingekuwa mbaya zaidi kupokelewa na askari. Nakuelezea tu ilivyokuwa. Alikaa usiku kucha anajua, na mama mdogo pembeni yake anajua, na hakuna aliemwambia mwenzake.

Kulia alilia baadae, jikoni. Zahanati walikuja kumpima presha iko juu sana, tukagundua dawa ya jana hakunywa. Nimeikuta mezani pembeni ya kikombe cha maji. Sasa ameshakunywa, amelala, wamesema wataipima tena jioni.

Mtoto nimemwambia mimi. Nilimwambia baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hali, haumii. Akauliza kama na baridi hasikii, maana huku juu usiku kuna baridi kweli. Nikamwambia hasikii. Akaenda kucheza, baada ya dakika kumi akarudi kuuliza tena swali lilelile, mpaka sasa ameuliza mara nne.

Gari linaondoka Dar leo saa 11 jioni, mazishi kesho saa 7. Nikipata mtandao nitawajibu mmoja mmoja.