Acheni kununua risasi za gereji kwa "ndugu yetu" hapa Houston, na nyie wazee acheni kumfichia

Wakuu, salaam. Nimeandika na kufuta huu uzi mara tatu tangu Jumatano, leo nauacha hivi hivi. Nazungumzia mtu anayejaza risasi upya gerejini kwake na kutuuzia. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe akisoma atajijua, na walionunua kwake watamjua.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda renji, uwanja wa kupigia shabaha, na mpwa wangu. Kijana ana miaka 24, ana makaratasi yake ya ukaazi wa kudumu, na bastola yake ya 9mm aliinunua dukani, akajaza fomu na kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Nimemfundisha mwenyewe tangu siku ya kwanza: mdomo wa bastola unaelekea kwenye shabaha muda wote, kidole kiko nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Ana nidhamu kuliko watu wazima wengi ninaowaona pale.

Alipofika kama risasi ya saba nikasikia "pu", kama mtu amefungua soda. Mimi huvaa vikinga masikio vya betri, vile vinavyozuia mlipuko lakini vinaruhusu sauti ndogo, ndiyo maana niliisikia. Slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayocheza kila ukipiga, haikurudi nyuma. Kijana akafanya nililomfundisha bastola ikigoma: akagonga kitako cha magazini (kile kisanduku cha risasi), mkono ukapanda juu kuvuta slaidi ili aingize risasi nyingine.

Nikapiga kelele. "Acha! Usivute! Iweke mezani!"

"Anko, imegoma tu."

"Iweke mezani, mdomo mbele!"

Msimamizi wa renji akasimamisha watu wote. Tukatoa magazini, tukahakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, tukafungua bastola na kuchomoa mtutu. Nikauinua kwenye jua nitazame ndani. Giza. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu.

Kwa wasiojua, nieleze maana hapa ndipo penye kifo. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, praima kitakoni mwake (kile kidude kidogo ambacho pini inakigonga), baruti, na kichwa kinachotoka. Ganda likikosa baruti, praima peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kiingie kwenye mtutu, lakini haina nguvu ya kukitoa nje. Unasikia "pu". Ukidhani bastola imegoma tu, ukaingiza nyingine na kupiga, hiyo ya pili inakuta njia imezibwa. Kiwango cha juu cha presha kinachoruhusiwa na SAAMI, chombo kinachoweka viwango vya risasi Marekani, kwa 9mm ni 35,000 psi (kipimo cha presha). Tairi la gari lako lina kama 35. Ni presha ya tairi mara elfu moja, na imefungiwa kwenye bomba unalolishika sentimita chache kutoka usoni. Presha hiyo ikikosa pa kutokea, inapasua kilicho karibu.

Nikamuuliza mpwa wangu risasi kazitoa wapi. Akafungua begi, akatoa mfuko wa plastiki wa zipu kama wa kuwekea maandazi. Risasi 200. Hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuna aina ya baruti wala uzito. "Nimenunua kwa bro, ananipa bei ya nyumbani."

Bro ninamfahamu. Tunafahamiana wote. Tumezika pamoja, tumechangiana harusi. Nikampigia nikiwa bado pale pale renji, na jibu lake nitalikumbuka siku zote: "Mkuu, hiyo ni moja kwenye elfu. Hata za kiwandani zinakwama."

Ni kweli, hata za kiwandani zinaweza kukwama. Ila boksi la kiwandani lina namba ya mzigo iliyochapwa juu yake, na kosa likionekana kampuni inatangaza namba hiyo na kuurudisha mzigo wote. Mfuko wa maandazi utaurudisha kwa namba gani? Utawapigia simu akina nani?

Nasema haya nikiwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Nilianza kujaza risasi zangu mwenyewe wakati wa uhaba wa 2020 na 2021, rafu zilipokuwa tupu na bei ya boksi la 50 ikapanda mara tatu, mara nne. Naipenda kazi hii. Naipenda kuliko hata kupiga kwenyewe. Unakaa kimya, unasafisha maganda, unayarudisha kwenye umbo, unaweka praima mpya, unamimina baruti, unakalisha kichwa, unabana mdomo wa ganda. Ni kazi ya sonara. Kipimo cha baruti kwenye 9mm kwa kawaida ni kama greni 4 mpaka 6, na greni 5 ni kama theluthi moja ya gramu. Ukikosea kidogo tu umeharibu. Tena baruti zinazowaka haraka zinachukua nafasi ndogo kiasi kwamba ganda moja linaweza kubeba kipimo mara mbili, ukaweka kichwa juu na usione tofauti yoyote kwa nje.

Ndiyo maana mezani kwangu kunakuwa na kopo moja tu la baruti. Kopo la pili haliingii mpaka la kwanza limerudi kabatini. Simu inabaki sebuleni. Kabla ya kukalisha vichwa, napanga maganda 50 kwenye kibao chenye matundu, nawasha taa na kuchungulia moja moja, yote yawe na baruti na yawe na kimo kimoja. Kila boksi langu lina karatasi: tarehe, baruti, uzito, praima, kichwa. Na sijawahi kumpa mtu hata risasi moja. Siuzi, sigawi, hata kwa mpwa wangu. Yeye hununua za kiwandani, na kumbe safari hii alikuwa anabana matumizi ili atume hela kwa mama yake.

Kwa bro nilishafika, mwaka jana. Mashine yake ni ile ya mzunguko, kila ukivuta mkono inatoka risasi moja kamili. Ni mashine nzuri sana kwa mtu aliyetulia. Yeye alikuwa na mpira kwenye runinga, bia mkononi, simu sikioni, na makopo mawili tofauti ya baruti yako wazi mezani. Mashine ikakwama, akaizungusha kwa mkono akaendelea. Hapo hapo ndipo yanapotokea maganda yasiyo na baruti na maganda yenye baruti mara mbili! Nilimwambia, akacheka. Nilipaswa kusema kwa sauti kubwa zaidi siku ile, na hilo linanikera mpaka sasa.

Na kuna jambo lingine la ile gereji. Ile mashine ya kuzungusha maganda ili yang'ae ameiweka pembeni ya baiskeli za watoto. Mabaki ya praima yana madini ya risasi, na vumbi lake linakaa kila mahali. Kiswahili chetu kimelipa hilo madini jina lile lile la kinachotoka kwenye mtutu, na vyote viwili vinadhuru. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanasema hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mimi nikitoka renji nanawa mikono na uso kabla ya kula, nguo nafua peke yake, viatu vinabaki nje. Yeye binti yake wa miaka minne alikuwa anaokota maganda sakafuni na kuyapanga kama vikombe vya kuchezea.

Turudi kwenye kisa. Jumamosi ile ile jioni niliandika kwenye grupu letu: yeyote mwenye mfuko wa risasi kutoka kwa fulani asizitumie. Ujumbe haukukaa dakika kumi, ukafutwa. Nikapigiwa simu na mzee mmoja ninayemheshimu sana. "Mwanangu, usimwaibishe mwenzako mbele ya watu. Mambo haya tuyamalize kifamilia." Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini kuna watu wana hizo risasi nyumbani sasa hivi." Akasema atazungumza naye. Hakuzungumza na walionunua, ambao ndio waliokuwa hatarini.

Jumatano jioni, mwenzetu mwingine, baba wa watoto wawili, alikuwa kwenye renji ya ndani. Jirani yake alikuwa anapiga bunduki kubwa, kelele imejaa chumba kizima. Yeye "pu" hakuisikia. Alihisi bastola imegoma, akagonga, akavuta, akapiga.

Mtutu ulivimba ukawa na pete kama nyoka aliyemeza panya. Magazini ilitupwa chini kwa nguvu, plastiki ya mshikio ikapasuka, na kiganja chake kikachanwa, akashonwa. Miwani ya kinga ndiyo iliyomwokoa macho. Bastola imekufa, na mtengenezaji hatamsaidia kitu, kwa sababu vitabu vya maelekezo vya bastola nyingi vinasema wazi kwamba ukitumia risasi za kujazwa upya dhamana imekwisha.

Siku NNE. Alikuwa na siku nne za kupata onyo langu, na onyo lilifutwa ili mtu asione aibu.

Sasa sheria, maana bro ananiambia "Texas ni huru". Kujaza risasi zako mwenyewe kwa matumizi yako ni halali na huhitaji leseni. Kujaza za kuuza kama biashara ni utengenezaji wa risasi, na serikali kuu inadai leseni, ile ya aina ya 06. Hana. Wapo wenye leseni hiyo wanaouza risasi za kujazwa upya, boksi lina jina lao na anwani yao, na likitokea la kutokea unajua mlango wa kugonga.

Kibaya zaidi, anauza kwa vijana wa chuo bila kuuliza. Wadogo zetu mlio hapa kwa viza ya masomo, nisikilizeni: sheria ya shirikisho inawakataza wageni wa viza za muda kumiliki silaha au RISASI, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Risasi peke yake, hata bila bastola. Tangu 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15, na baada ya hapo unarudishwa nyumbani. Mfuko wa dola 40 ukikutwa kwenye buti la gari, ada zote alizolipa baba yako kwa kuuza shamba zimekwenda. Na bro anajua nani ana viza gani, kwa sababu yeye ndiye anayewapokea uwanja wa ndege.

Juzi nilikaa na mfuko wa mpwa wangu. Nilivunja risasi 40 kwa ile nyundo ya plastiki ya kuchomolea vichwa, nikapima baruti kwenye mizani moja baada ya nyingine. Ya chini greni 3.1, ya juu 5.8. Moja haikuwa na kitu kabisa. Maganda mengine yalikuwa na ufa mdomoni, na vichwa vingine nilivisukuma kwa kidole gumba vikazama ndani ya ganda. Kichwa kikizama, nafasi ya ndani inapungua na presha inapanda, hata kama baruti ilipimwa sawa. Picha ninazo, na vipimo vyote nimeviandika kwenye daftari.

Kwa hiyo bro, ninachotaka kwako ni hiki. Leo, kwenye grupu lile lile, andika kwa mkono wako kwamba risasi zako zisitumike, taja tangu mwezi gani uliuza, rudisha hela za watu, na lipia bastola na mkono wa mwenzetu. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini ujumbe wangu naomba urudishwe.

Na yeyote mwenye mfuko kama ule, usizijaribu hata moja, usimgawie mtu, usizitupe kwenye takataka. Niletee Jumamosi asubuhi, nitazivunja mbele yako bila hela. Mwenye viza ya muda usizibebe kwenye gari, nitumie ujumbe wa faragha kwanza na usimtajie mtu mwingine.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kama mtutu wa mpwa wangu umepona. Fundi wa silaha alikisukuma kile kichwa kwa fimbo ya shaba kikatoka, akaupima mtutu, haujavimba. Kijana bado hajataka kuishika bastola yake.