Mahindi yakichanua tu, chafya haziishi: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Niko Njombe. Kila mahindi yanapotoa mbelewele napiga chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho yanawasha hadi yanavimba. Homa sina, kwa hiyo siamini kama ni mafua. Mvua ikinyesha kutwa na chavua ikalala chini, napata nafuu. Piriton inasaidia ila inanilaza, na mimi ni bodaboda, si mnaelewa. Muuza duka la dawa kaniambia setirizini haileti usingizi sana, au dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ila hiyo nianze kabla ya msimu. Aliyeitumia, ilichukua muda gani kumsaidia? Halafu usiku kifua kimeanza kubana na kutoa mluzi. Nikapimwe pumu kwanza, au?