Wasichana wangu wa softiboli wanapiga mipira ya kutambaa tu. Tatizo ni mikono au kiuno?

Mwalimu_wa_Ipuli

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari hapa Tabora, na saa kumi jioni nasimamia timu ya softiboli ya wasichana. Kurusha na kudaka wanajitahidi. Shida iko kwenye kupiga. Mpira wanaugonga, ila unatambaa chini na kumfuata mlinzi wa kituo cha tatu, naye anauokota bila haraka na kumtoa mtu nje. Yupo mmoja wa kidato cha tatu mwenye nguvu kuliko wenzake wote, na pigo lake ni lile lile.

Mwenzangu aliyewahi kucheza besiboli anawaambia wapige kutoka juu kwenda chini kama wanaopasua kuni. Mwingine anasema mambo ya besiboli nisiwaletee kabisa, softiboli ina upigaji wake. Nishike lipi? Tuna gongo moja la aluminiamu na mawili ya mbao yaliyotengenezwa na fundi wa hapa mjini.

Mama_Gungu

Mwalimu, pole na kazi, salamu kutoka Kigoma. Kwa hili usimfuate hata mmoja kati ya hao wawili, na nitakueleza kwa nini, maana jambo hili linaniuma. Wasichana wengi wanaacha mchezo wakiamini hawana nguvu, kumbe hawakufundishwa kuzitumia.

Nianze na huyo wa pili. Mwili unaozungusha gongo ni ule ule, softiboli au besiboli. Kinachobadilika ni mpira unavyokuja. Besiboli inarushwa kutoka umbali wa mita 18.44, mkono ukipita juu ya bega, na mrushaji amesimama kwenye tuta la sentimita 25. Softiboli ya wanawake wakubwa inarushwa kutoka mita 13.11, mkono ukipita chini, mpira unaachiwa usawa wa nyonga. Lakini mpira wa besiboli wa kilomita 145 kwa saa na wa softiboli wa kilomita 100 vinamfikia mpigaji karibu kwa muda mmoja, kama sekunde 0.4. Mwaka 2004 Jennie Finch, mrushaji wa softiboli wa Marekani, aliwatoa Albert Pujols na Mike Piazza kwa straiki, yaani mipira mizuri waliyoshindwa kuipiga. Wale ni wapigaji wakubwa wa besiboli. Hakuna aliyesema hawajui kuzungusha gongo. Macho yao hayakuzoea mpira unaoachiwa kutoka chini kwa umbali ule mfupi.

Sasa huyo wa kwanza. Mpira wa kasi wa besiboli ukifika kwa mpigaji unakuwa unashuka kidogo, kama digrii 5 hadi 10. Gongo nalo likishuka kwa ukali, njia yake na ya mpira zinakatana mahali padogo sana: ukiwahi kidogo umekosa, ukichelewa kidogo umekosa, na ukipata unaupigilia ardhini. Gongo linatakiwa liingie kwenye njia ya mpira mapema, likae humo, lipande kidogo tu. Ted Williams, mpigaji wa besiboli wa Marekani, alilipigania jambo hili miaka mingi, naye ndiye aliyepiga wastani wa .406 mwaka 1941, yaani alifanikiwa karibu mara 41 katika kila majaribio 100. Tangu hapo hakuna aliyefikisha .400 kwa msimu mzima katika ligi mbili kubwa za Marekani, American na National. Kwa softiboli mpira hushuka kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea mrushaji alivyouzungusha, kwa hiyo mpira unaokuja juu unapigwa kwa gongo lililo karibu na usawa. Kupasua kutoka juu hakufai kwenye mchezo wowote kati ya hiyo miwili.

Twende kwa mabinti zako. Mpigaji wa mkono wa kulia anayepeleka kila kitu kituo cha tatu kwa kutambaa, mara nyingi amegeuza viganja kabla gongo halijagusa mpira. Wakati wa kugonga, kiganja cha mkono wa juu kinatazama angani na cha mkono wa chini kinatazama ardhini. Kugeuka kwa viganja kunakuja baadaye, kwenyewe, bila kulazimishwa. Anayewahi kuvigeuza mara nyingi ni yule anayeinyoosha mikono mapema: gongo linazunguka mbali na mwili, linakuwa zito, na hana namna nyingine ya kulifikisha ila kulivuta kwa viganja. Kiwiko cha nyuma kishuke karibu na mbavu kwanza, mikono inyooke mpira ukiwa umeshaondoka.

Na hilo halitatokea kama nyonga haijatangulia. Mguu wa mbele unatua, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, halafu mikono, gongo mwisho kabisa. Huyo wa kidato cha tatu mwangalie miguu, usiangalie mpira unakwenda wapi. Uwanja wenu si una mchanga? Usawazishe kwa mguu, mwache apige, kisha inama usome alama ya kiatu cha nyuma. Mchanga ukiwa umesokotwa chini ya vidole na kisigino kimeacha nafasi, nyonga imefanya kazi. Ukikuta unyayo mzima, bapa, umetulia kama ulivyowekwa, amepiga kwa mabega peke yake. Binti mwenye nguvu za mikono ndiye anayechelewa zaidi kuliona hili, kwa sababu mikono yake inamtosha kwenye mazoezi.

Mguu wa mbele nao usilegee. Ukitua, goti linajikaza na kuuzuia mwili usiendelee mbele, ndipo nguvu inapanda kiunoni. Namna ya kuuinua nawaachia wenyewe. Sadaharu Oh wa Japani alikuwa anasimama kwa mguu mmoja kabisa, na alipiga hom rani 868, yale mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja.

Zoezi moja nalipenda kuliko yote. Binti aelekee uzio wa wavu, kitako cha gongo akiweke kitovuni na ncha iguse wavu. Hapo ndipo umbali wake. Azungushe polepole bila kuugusa. Anayenyoosha mikono mapema atausikia wavu mara ya kwanza tu. Ukutani usifanye, utavunja gongo.

Seremala_Mwanamkaka

Mwalimu, nichangie kwenye magongo. Hayo ya mbao ni mti gani? Mafundi wengi hapa Tabora wanatoa mninga kwa sababu unakerezeka vizuri na haupindi. Unafaa, ila mishipa ya mti iende sambamba na gongo kutoka kitako hadi ncha. Ukiona mishipa inakatiza shingoni, lirudishe, litakatika hapo hapo na kipande kitamrukia mtu. Na lisizidi unene wa sentimita 5.7, hiyo ndiyo sheria ya softiboli. Mengi niliyoyaona ni mazito mno kwa wasichana.

Mama_Gungu

Seremala umenena. Uzito ukizidi, mikono inaangusha gongo hata kwa anayejua. Mwalimu, mpe binti gongo alishike kwa mkono mmoja na kulinyoosha mbele. Likishuka akihesabu polepole hadi kumi, mpunguzie uzito.

Mwalimu_wa_Ipuli

Asanteni sana. Leo nimesoma mchanga. Wote unyayo bapa, isipokuwa mmoja mdogo wa kidato cha kwanza ambaye hakuna aliyekuwa anamtegemea. Swali la mwisho, Mama: mrushaji wetu ana kasi, na wenzake wanamchelewa. Wasubiri mpira utoke mkononi ndipo waanze?

Mama_Gungu

Hapana, wakisubiri hivyo wamechelewa tayari. Mkono wa mrushaji ukipanda, mpigaji arudishe uzito mguu wa nyuma. Mkono ukishuka, aanze hatua, fupi, na mguu utue mpira unapoachiwa au mara tu baada yake. Hapo macho yana nafasi ya kuamua kupiga au kuacha. Siku mbili za kwanza wasishike gongo kabisa: wasimame kwenye kituo cha kupigia, mrushaji arushe, wao wapige hatua tu na kutaja kwa sauti kama ni straiki au siyo. Na huyo wa kidato cha kwanza mweke mbele ya wenzake wamwone nyonga.