WordPress nimeizoea: niende React, Laravel, au databezi na seva?

fundi_tovuti
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza tovuti za WordPress hapa Dar. PHP naisoma bila shida, JavaScript ni ya kuungaunga. Wateja wapo ila bei inashuka, mwenye duka siku hizi anajaza kiolezo mwenyewe na kumaliza. Nina jioni na wikendi tu, kwa hiyo nachagua kimoja. Mngekuwa ninyi mngeanza na kipi?

Kipanga
React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, na TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, usizunguke. Matangazo ya kazi za mbali yamejaa hizo mbili.

binti_pwani
Hizo kazi za mbali unagombania na dunia nzima, Kipanga. Halafu zana za kujengea kurasa zinachakaa haraka: AngularJS ilikatiwa msaada mwisho wa 2021, Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React, nayo 2025 ikatangazwa isitumike kwa miradi mipya. SQL, lugha ya kuulizia databezi, ipo tangu miaka ya 1970, na amri ya SELECT niliyofundishwa chuoni ndiyo ninayoandika leo kazini. Databezi.

otis254
Mleta mada kasahau malipo ya simu. Mimi niko Nairobi, na hiyo ndiyo inayonilisha. Kutuma ombi la STK, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke namba ya siri, kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ni kazi ya mchana mmoja. Shughuli ni baada ya hapo. Mteja kaweka namba ya siri, pesa imetoka, lakini majibu yaliyotakiwa kufika kwenye seva yako yamechelewa au hayakuja kabisa. Mteja naye akiona kimya anabonyeza "Lipa" tena.

Kwa hiyo CheckoutRequestID, namba ya ombi hilo, ihifadhi mara tu unapoipokea, na safu yake kwenye databezi isikubali namba kujirudia, ili majibu yakija mara mbili oda ihesabiwe mara moja. ResultCode, namba ya matokeo kwenye majibu, ikiwa 0, toa bidhaa. Ikiwa 1032, mteja kaghairi mwenyewe. Oda iliyokaa bila majibu, seva iulize hali ya muamala, usikisie. Huko kwenu M-Pesa ya Vodacom na Airtel Money kila moja ina mlango wake, mantiki ni ileile. Ukiyaweza haya, databezi na seva utakuwa umezisoma huku unalipwa.

Kipanga
Sawa, ila fomu ikikwama kwenye simu ndogo hakuna atakayefika kwenye hiyo STK yako. JavaScript ya kuungaunga ndiyo ugonjwa wake wa kwanza.

mzee_wa_seva
Hapo Kipanga ana hoja, ingawa JavaScript ya fomu haihitaji React. Kijana ana PHP tayari, na WordPress yake inakaa juu ya MySQL. Laravel, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa PHP, inakuja na foleni za kazi ndani yake, na ndizo zitakazoulizia miamala ya Otis bila mteja kusubirishwa. Haanzi sifuri.

fundi_tovuti
Nashukuru wakuu. Nina dada anauza nguo za watoto, anathibitisha malipo kwa kutumiwa picha ya SMS, na picha hizo zinaghushiwa. Naanza Laravel kwake, kwenye mazingira ya majaribio kwanza. Kipanga usinune, React itafuata. Otis, unaacha muda gani kabla ya kuulizia muamala?

otis254
Dakika mbili hivi, mtu apate nafasi ya kuweka namba ya siri. Kisha rudia kwa kupanua muda. Ikishindikana, oda iende kwa dada akague mwenyewe kwenye taarifa ya akaunti. Picha ya SMS asiipokee tena.