Vita vya Tanga vya 1914: viwekwe fungu la haki au la dhuluma?

Mwalimu wa Makorora
Shikamooni wakubwa wa jukwaa. Nafundisha historia hapa Tanga. Nilipokuwa nikieleza jinsi Waingereza walivyowashusha pwani askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, mwanafunzi mmoja aliuliza nani alikuwa na haki. Nilimjibu kwamba haki ni ya aliyevamiwa, lakini jibu hilo linanikereketa tangu nilipotoka darasani, maana mvamiwa mwenyewe alikuwa mvamizi. Mngemjibuje?

Mkaazi wa Pangani
Marahaba, Mwalimu. Kipimo cha vita vya haki cha Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, kinataka mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Wajerumani wanakwama kwenye lile la kwanza, kwani Desemba 1889 walimnyonga Abushiri bin Salim hapa kwetu kwa kuipinga himaya yao, na aliyeingia nyumba kwa mabavu hawezi kudai kwamba anatetea kwake. Waingereza nao hawakuja kumkomboa mtu. Waliikalia nchi mpaka 1961. Kwangu ni dhuluma pande zote mbili, na waliopigana bila hila siku ile ni nyuki peke yao, wale waliowavamia askari katikati ya mapigano.

Msomaji wa Chumbageni
Nakubaliana na ndugu wa Pangani, ila Abushiri asitakaswe upesi hivyo: alikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Sababu yake ya kumpinga mgeni ilikuwa ya haki, lakini uhuru alioutetea haukuwa wa kila mtu.

Tena vita vinaweza kubadilika njiani. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, haki yetu ya kujilinda haikuwa na shaka, nayo imo katika ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kuendelea mpaka Kampala, iliyotekwa Aprili 1979, kulihitaji hoja nyingine, na baadhi ya viongozi wa Afrika walilihoji jambo hilo waziwazi. Mimi naona hoja ilikuwepo, maana adui angejipanga upya, lakini si ile ile ya mpakani.

Mwalimu wa Makorora
Ahsanteni. Jumatatu nitalirudisha swali darasani kwa kuanza na mpagazi, aliyetwishwa sanduku la risasi za Mjerumani au za Mwingereza bila kuulizwa, kisha wanafunzi waseme vita vile vilikuwa vya nani.