Mliosoma nje nchi ikachafuka, tupeane uzoefu

Mwana wa Ngamiani: Jana pale barabara ya nane tairi la lori limepasuka, mdogo wangu akalala chini palepale na mkate wake mkononi. Alirudi toka Khartoum 2023, vita ya Sudan ilipoanza. Watu wakacheka, mi nikashindwa hata kuongea. Mwenyewe nilikuwa Cairo Januari 2011, intaneti ikakatwa nchi nzima, lakini nilichokiona mimi kidogo. Wengine ilikuwaje?

Kaka Mkubwa Pongwe: Eldoret, Kenya. Matokeo ya uchaguzi wa rais yametangazwa 30 Desemba 2007, jioni ile ile moshi. Vizuizi njia nzima, unaulizwa kabila kwa lugha usoijua. Kiswahili changu cha Tanga ndo kilinitoa, mmoja akasema huyu mgeni mwacheni. Nilipoiona Horohoro, mpakani kwetu, nilisujudu kwenye vumbi.

Bint Makorora: Sijawahi kuandika hii. Na mimi Khartoum hiyo hiyo, 15 Aprili 2023, Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, tumekula daku tumelala, tukasikia milio tukadhani ni harusi, Wasudani harusini wanapiga risasi juu. Mpaka kioo cha dirisha kikaingia ndani. Siku ya tatu maji hakuna umeme hakuna, tunafuturu tende na maji ya tangi la juu yana kutu, na kulifata hilo tangi unapanda kwa magoti. Idi tumeswali kwenye korido. Pasi zetu ziko chuoni, walizichukua kwa ajili ya ukaazi, na ofisi imefungwa. Af ikaja meseji, tuma jina sasa hivi, mabasi yanaondoka kwenda mpaka wa Ethiopia. Simu ina asilimia 4. Naandika jina, mama anapiga. Nikamkatia. Akapiga tena nikamkatia, nikatuma jina, simu ikazima. Siku mbili njiani sina chaji. Mama alisikia mara ya mwisho simu inakatwa, nyumbani majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, mpaka turubai lilishaazimwa. Tulitua Dar tarehe 27. Nilivyompigia alisema nani wewe, akarudia, nani wewe.

Chumbageni01: Subhanallah.

Fundi Duga: Pole dada, ila si ungepokea hata sekunde tano tu umwambie niko hai? Mzazi ni mzazi.

Bi Raskazone: We Fundi asilimia 4 unaijua wewe? Jina lisingeenda leo ungemwandikia nani? Mwanangu usimsikilize, umefanya ulilolifanya na umerudi.

Fundi Duga: Sijamlaumu mama angu, nimeuliza. Na wazazi nao wanapeleka watoto nchi zisotulia!

Mwana wa Ngamiani: Mdogo wangu alipata skolashipu, ada bure na chakula juu. Hapa nani angemlipia, wewe?

Mtu wa Sumy: Bint nimesoma nimetetemeka. Sisi Ukraine Machi 2022 tuliyeyusha theluji tukanywa, tukatoka tarehe 8 kwa mabasi mpaka Poltava. Ushauri: pasi usimwachie mtu, na dola mia shona kwenye pindo.

Kaka Mkubwa Pongwe: Dola usishone, kwenye vizuizi wanapapasa mapindo yote. Gawa, mpe kila mwenzio kidogo.

Bi Raskazone: Beba tende na chumvi, dola hazitafuniki.

Mwana wa Ngamiani: Bint, mama anaendeleaje sasa?

Bint Makorora: Yupo, alhamdulillah. Nikichelewa kupokea anafunga genge anakuja mwenyewe mpaka nilipo. Saivi nikiona jina lake napokea hata nikiwa bafuni. Kinachoniuma vyeti, nilikuwa mwaka wa tatu, karatasi zote zimebaki kule. Wasudani wa udaktari walikuja kumalizia mafunzo Muhimbili, sisi wa kozi zingine je? Kuna aliyepata matokeo yake?

Chumbageni01: Mi nilianza upya, mwaka wa kwanza, na watoto wa form six.

Mtu wa Sumy: Sisi tulimalizia kwa mtandao. Bint usianze upya kwanza, njoo inbox nikuoneshe barua nilizoandika.