Hard disk za 4TB bei ya punguzo, waranti ya duka miezi 3: nichukue au niache?

StudioKirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Studio ya video za harusi hapa Kirumba inahitaji hard disk mbili za 4TB za kuhifadhia kazi. Duka moja mjini lina Seagate Exos (diski za seva) kwa karibu theluthi moja chini ya bei ya kawaida. Hazina boksi, zipo kwenye mfuko tu. Muuzaji anasema ni mpya, ila waranti ni ya duka, miezi 3. Exos si huwa na miaka 5? Hiyo mingine imeenda wapi?

FundiWaIgoma:
Mkuu, kwanza jua anayekudhamini ni nani. Exos inayouzwa rejareja kweli ina miaka 5 ya mtengenezaji; aina nyingine za Seagate, IronWolf ina 3, BarraCuda 2. Lakini diski nyingi zisizo na boksi ziliuzwa kwa makampuni yanayounda kompyuta na seva. Hizo, kiwanda hakimhudumii mnunuzi wa mwisho, kinamrudisha alikonunua. Huenda punguzo lako limetoka hapo.

Usibishane na muuzaji. Piga picha lebo, ingiza namba ya seriali kwenye ukurasa wa waranti wa Seagate ukiwa hapohapo dukani. Ikija tarehe ya mwisho, sawa. Ukiambiwa wasiliana na aliyekuuzia, basi unanunua miezi 3, na bei ijadiliwe kwa miezi 3. Linganisha pia seriali ya lebo na ile inayosomwa na kompyuta, zikitofautiana, rudisha.

DataZiwani:
Naongezea, maana "mpya" ndiyo sehemu ya hatari. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua Exos zilizouzwa kama mpya kumbe zimefanya kazi maelfu ya saa, na rekodi ya SMART (kumbukumbu ya afya na saa za kazi iliyomo ndani ya diski) imefutwa. Ukisoma SMART peke yake kwa programu kama CrystalDiskInfo, utaona saa 0 na utaamini. Seagate wana rekodi ya pili, FARM. Isome kwa smartctl, programu ya amri za kuandika, toleo la 7.4 au jipya zaidi:

smartctl -l farm /dev/sda

Saa za kuwashwa huko zikiwa maelfu wakati SMART inasema 5, hiyo ni ya mtumba. Chomeka kwa waya wa SATA, ule wa ndani ya kompyuta ya mezani, kwa sababu kava nyingi za USB huzuia usomaji huu.

Kisha angalia kwenye SMART mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sekta mbovu (vipande vya diski vilivyoharibika): zote ziwe 0. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikipanda, badilisha waya kwanza kabla ya kulaumu diski. Malizia kwa fomati kamili, si ile ya haraka. Kwa 4TB tenga saa 8 hivi, na uwe na UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati unaanza upya. Baada ya hapo soma tena 05, C5 na C6. Sekta mbovu hujitokeza zikiandikwa au kusomwa. Fanya haya yote wiki ya kwanza, duka likiwa bado linakukumbuka.

StudioKirumba:
Nashukuru sana. Amekubali nizipime, ila anasema mashine ya EFD (ya risiti za kodi) haiandiki seriali.

DadaWaNyegezi:
Kaka, mwombe ankara ya mkono yenye muhuri: modeli, seriali zote mbili, tarehe, na maneno "kubadilishiwa ndani ya miezi 3". Iambatanishe na risiti ya EFD, na zote uzipige picha siku hiyohiyo. Karatasi ya EFD hufifia kwa joto. Mwezi wa tatu unaweza kubaki na karatasi nyeupe. Akikataa kuandika seriali, usinunue. Bila hiyo anaweza kukwambia diski mbovu uliyoleta si yake.

Waranti pia haigusi diski iliyoanguka, iliyoungua kwa umeme, wala iliyofunguliwa au kubanduliwa lebo. Na hata ikikubaliwa, unapewa diski tupu. Video za maharusi hazimo. Kwa hiyo kila kazi ikae kwenye diski zote mbili, moja ilale nyumbani, si studio.

Kama bajeti inabana, chukua moja ya punguzo na moja ya rejareja yenye waranti kamili. Mbili za mzigo mmoja zilizotumika pamoja zinaweza kufa kwa kufuatana.

FundiWaIgoma:
Naunga mkono. Na ukiirudisha dukani isifungwe kwenye gazeti: mfuko wa kuzuia umeme tuli, sponji ya sentimita 5 kila upande, boksi gumu. Ikifika imebonyea, dai lako limekufa.

StudioKirumba:
Basi kesho naenda na laptopu na waya wa SATA wenye adapta. Ankara kwanza, hela baadaye.

DataZiwani:
Adapta hiyo ni ya USB, mkuu. FARM inaweza isisomeke. Omba kompyuta ya mezani ya dukani, smartctl ibebe kwenye flashi.